Nani Alimfungulia Kocha Lango? Haki ya Mzazi Kuuliza Jinsi Shule Inavyowapiga Msasa Makocha na Wanaojitolea

Msimu wa michezo unapoanza, shule nyingi hupokea watu ambao hawamo katika orodha ya walimu. Kuna kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi na sasa anafundisha voliboli jioni. Kuna mchezaji wa zamani wa timu ya mtaa anayewanoa wavulana wa kandanda. Yupo anayefundisha kwaya, anayesimamia skauti, anayeongoza ibada bwenini, na mama anayekuja kuwasaidia watoto wa gredi ya 3 kusoma. Wengi wao ni watu wema. Bila wao, baadhi ya shule zisingekuwa na timu wala kwaya.

Lakini wapo wachache wanaoitafuta shule kwa sababu ndiko watoto waliko. Kazi ya kuwatambua kabla hawajaingia ni ya shule yenyewe. Kazi hiyo isipofanywa, au ikifanywa kwa kujaza fomu tu, mzazi hujua baada ya mtoto kuumia. Hapo huuliza swali ambalo mara nyingi hakuna aliye tayari kulijibu: nani alimruhusu huyu mtu kuingia?

Somo hili linaeleza jinsi msasa unavyofanywa, mahali unapovunjikia, na njia ambazo sheria za Kenya zimempa mzazi za kudai majibu.

Mwanya ulipo

Mwalimu nchini Kenya haruhusiwi kufundisha kabla ya kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Ana nambari, ana faili, na akipatikana na hatia ya kumdhulumu mwanafunzi, jina lake linaweza kuondolewa katika sajili ya walimu. TSC imewahi kuchapisha majina ya walimu walioondolewa kwa njia hiyo, ili shule nyingine zisiwaajiri bila kujua.

Mfanyakazi asiye mwalimu, kama vile mpishi, bawabu au karani, huajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule (BOM). Naye pia huwa na barua ya ajira na mtu wa kumsimamia.

Kocha wa kujitolea hayuko katika makundi hayo mawili. Hana nambari ya TSC. Hana barua ya ajira. Mara nyingi aliletwa na mwalimu wa michezo, au ni mwanafunzi wa zamani anayejulikana na kila mtu. Halipwi mshahara ila nauli na chakula cha mchana, na kwa sababu hiyo shule huona haya kumwuliza maswali. "Anatusaidia bure, tumsumbue na vyeti vya nini?" Maneno hayo ndiyo mwanya wenyewe. Mtu anayejitolea hukaa na watoto saa zile ambazo walimu wengi wameenda nyumbani: jioni uwanjani, ndani ya basi, na usiku katika shule nyingine wakati wa mashindano. Yeye ndiye huamua nani acheze na nani akae benchi. Ana mamlaka juu ya mtoto, hata kama hana mshahara.

Sheria imelitambua jambo hili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 24, inawataja mwalimu mkuu, mwalimu na mfanyakazi wa shule wanaotumia nyadhifa zao kumshawishi mwanafunzi kingono, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 10. Kifungu hicho hakiishii kwa walioajiriwa. Kinamtaja pia mtu yeyote aliye katika nafasi ya kuaminiwa anayeitumia vibaya nafasi hiyo. Na mtoto akiwa na umri wa chini ya miaka 18, kosa la unajisi lina adhabu zake nzito zaidi: kifungo cha maisha kwa aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa mtoto wa miaka 16 hadi 18.

Cheti kinasema nini, na kinanyamazia nini

Shule nyingi zikiulizwa kuhusu msasa hujibu kwamba mhusika alileta cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), kile ambacho mitaani huitwa good conduct. Cheti hiki huombwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji huchukuliwa alama za vidole katika fomu ya C24. Alama hizo hulinganishwa na kumbukumbu za polisi.

Kila shule inapaswa kukidai. Lakini mzazi anafaa kujua mipaka yake.

Kwanza, cheti hutegemea kilichofika katika kumbukumbu za polisi. Kesi iliyomalizwa kwa wazee chini ya mti, kwa mbuzi wawili na ahadi ya kuhama kijiji, haimo. Pili, hakionyeshi kwamba mtu aliachishwa kazi ya ukocha katika shule nyingine baada ya wazazi kulalamika. Tatu, kinaeleza hali ilivyokuwa siku kilipotolewa. Cheti cha miaka mitatu iliyopita hakisemi lolote kuhusu miaka hiyo mitatu. Nne, nakala inayoletwa shuleni inaweza kuwa ya kughushi, na asiyelinganisha jina na nambari ya kitambulisho hawezi kugundua.

Kuna chombo kingine ambacho wazazi wengi hawakijui. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinamtaka Msajili wa Mahakama Kuu kuweka sajili ya watu waliopatikana na hatia ya makosa ya kingono, na mtu mwenye sababu ya msingi anaweza kuomba kuiona. Kifungu hicho pia kinamfanya mtu aliyetangazwa na mahakama kuwa mkosaji hatari wa kingono atende kosa jipya iwapo ataomba kazi ya kusimamia watoto bila kufichua hukumu yake. Kwa hiyo swali "Je, umewahi kuhukumiwa kwa kosa lolote la kingono?" linafaa kuwa katika fomu ya kila anayejitolea, na jibu lake liwekwe sahihi. Fomu isiyouliza humpunguzia mwongo kazi ya kudanganya.

Funzo kutoka Soham

Mfano unaojulikana zaidi wa msasa uliovunjika ulitokea Uingereza. Mnamo Agosti 2002, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa katika mji mdogo wa Soham. Aliyewaua, Ian Huntley, alikuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari ya mji huo. Alihukumiwa Desemba 2003.

Baada ya hukumu, umma uligundua kwamba kati ya mwaka 1995 na 1999 polisi wa eneo jingine walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa za kingono dhidi yake. Hakuna iliyoishia kwa hukumu, na kumbukumbu hazikutunzwa vizuri. Alipoomba kazi Soham alitumia jina la Ian Nixon. Polisi waliombwa kukagua, lakini jina la Huntley halikukaguliwa ipasavyo. Shule nayo haikufuatilia kwa kina barua za mapendekezo wala historia ya kazi zake za awali.

Serikali ya Uingereza iliunda tume ya uchunguzi chini ya Sir Michael Bichard, na ripoti yake ikatolewa Juni 2004. Haikuishia kumlaani muuaji. Ilifuata njia nzima ya faili: nani alipokea taarifa, nani hakuiandika, nani aliifuta, nani hakupiga simu. Mwaka 2006 bunge lilipitisha sheria mpya ya kuwalinda watoto na watu wengine walio hatarini, na leo anayefanya kazi ya karibu na watoto nchini humo, awe analipwa au anajitolea, hukaguliwa kupitia mfumo mmoja wa kitaifa.

Kwa mzazi wa Kenya, funzo la Soham ni la namna ya kuuliza. Msasa ni mnyororo wa watu. Ukikatika, kuna pete fulani iliyokatika, na pete hiyo ina jina, cheo na tarehe. Uwajibikaji huanza pale mzazi anapoacha kuuliza "kwa nini shule ilifanya hivi?" na kuuliza "nani, siku gani, alipaswa kufanya nini, na alifanya nini?"

Mahakama ya Kenya ilivyosema

Kenya nayo ina hukumu inayofaa kujulikana na kila bodi ya shule. Wanafunzi wawili wa shule ya msingi ya umma walidhulumiwa kingono mwaka 2010 na naibu wa mwalimu mkuu wao. Katika ombi namba 331 la mwaka 2011, ambalo katika kumbukumbu za mahakama linajulikana kwa herufi za W.J., kesi ilifikishwa Mahakama Kuu jijini Nairobi. Hawakumshtaki mwalimu huyo peke yake. Walishtaki pia TSC na Serikali.

Hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi ilitolewa mwaka 2015. Mahakama iliamua kwamba haki za watoto hao zilikiukwa, na kwamba mwajiri na Serikali hawawezi kujitoa katika lawama kwa kusema kosa lilikuwa la mtu binafsi. Waliokabidhiwa watoto wana wajibu wa kuweka mfumo unaowalinda. Mahakama iliona pia kwamba kumchukulia mwalimu hatua za nidhamu na kumwondoa kazini peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu huyo anaweza kwenda kwingine na kuwadhuru wengine. Fidia ya jumla ya shilingi milioni 5 iliamriwa kwa watoto hao wawili.

Kesi hiyo ilihusu mwalimu aliyeajiriwa. Lakini msingi wake, kwamba taasisi hujibu kwa ulinzi iliouahidi, ni msingi ambao mzazi anaweza kuutaja anapoandikia shule iliyomwacha kocha asiyejulikana akae na watoto.

Kasoro nne, majibu manne

Wazazi wanapokutana kwa hasira, lawama zote hurundikwa mahali pamoja na mwishowe hakuna anayejibu. Inasaidia kutenganisha kasoro, kwa sababu kila moja ina mwenyewe.

*Hakuna msasa uliofanywa.* Mtu aliingia kwa kujulikana tu. Anayejibu hapa ni mwalimu mkuu aliyeruhusu na bodi ambayo haikuweka utaratibu. Katika shule ya kibinafsi, anayejibu ni mwenye shule au meneja wake.

*Msasa ulifanywa kwa karatasi.* Cheti kilipokelewa na kuwekwa kwenye faili bila mtu kupiga simu shule aliyotoka. Anayejibu ni aliyekabidhiwa kazi hiyo, na bodi iliyopaswa kuthibitisha.

*Msasa uliona kitu, kikapuuzwa.* Hapa mambo ni mazito zaidi. Kulikuwa na onyo, mtu alilisoma, akaamua timu isikose kocha wiki ya mashindano. Hapo kunahitajika uchunguzi wa nidhamu, na polisi iwapo kuna dalili za kuficha kosa.

*Msasa ulikuwa safi, usimamizi haukuwapo.* Kocha hakuwa na doa lolote, lakini aliachwa peke yake na watoto usiku. Kila mkosaji ana siku ya kwanza, na siku hiyo cheti chake ni safi. Ndiyo sababu msasa bila usimamizi haumlindi mtoto.

Kuna kasoro ya tano ambayo huzaa zile nyingine: kuondoka kimya kimya. Wazazi wa shule moja hulalamika, kocha huambiwa asirudi, na mambo huzimwa ili jina la shule lisichafuke. Muhula unaofuata yuko shule ya jirani, na barua ya mapendekezo mkononi. Waraka wa TSC namba 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu mwenye taarifa za mwanafunzi kudhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24, na asiyeripoti huchukuliwa hatua. Mwalimu aliyejua kuhusu kocha akanyamaza hawezi kusema hayakumhusu.

Msasa kamili unavyofanywa

Shule isiyo na fedha nyingi inaweza kufanya yafuatayo kwa gharama ndogo.

1. Kila anayejitolea ajaze fomu yenye majina yote aliyowahi kutumia, nambari ya kitambulisho, mahali alipoishi na shule au timu alizohudumu katika miaka mitano iliyopita.
2. Alete cheti cha mwenendo mwema cha karibuni. Karani aone cheti halisi pamoja na kitambulisho, kisha aandike tarehe aliyokiona.
3. Akiwa aliwahi kuwa mwalimu, shule iulize TSC kuhusu usajili wake.
4. Mwalimu mkuu apige simu mwenyewe kwa watu wawili wanaomjua, mmoja wao akiwa kiongozi wa shule au timu aliyotoka, kwa nambari aliyoitafuta mwenyewe. Aulize waziwazi: "Je, ungemruhusu arudi kufanya kazi na watoto?" Ukimya wa mtu kwenye simu husema zaidi ya barua nzuri.
5. Bodi ijadili na kuandika uamuzi katika kumbukumbu za mkutano.
6. Anayejitolea atie sahihi kanuni za mwenendo: hakuna kukutana na mtoto mmoja faraghani, hakuna ujumbe wa simu wa siri kwa mwanafunzi, hakuna kumtuma mtoto nyumbani kwake, hakuna kulala chumba kimoja na wanafunzi safarini.
7. Katika kila safari wawepo watu wazima wawili au zaidi, mmoja wao akiwa mwalimu wa shule, na panapokuwa na wasichana awepo mwanamke.
8. Msasa urudiwe kila mwaka. Kocha wa miaka kumi hupimwa kama kocha wa leo.

Taarifa hizi ni za siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka shule izihifadhi vizuri, izitumie kwa kazi iliyokusudiwa tu, na isiziache wazi mezani kwa kila mpita njia.

Nani anashika nini

Wananchi wengi hupoteza wiki wakizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mgawanyo wa kazi chini ya Jedwali la Nne la Katiba ni huu.

Serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya malezi ya watoto, na pia shughuli na viwanja vya michezo vya kaunti. Lalamiko kuhusu mtu anayejitolea katika chekechea ya umma, au kocha katika mradi wa michezo wa kaunti, hupelekwa kwa afisa wa idara husika katika wadi au kaunti ndogo, kisha kwa afisa mkuu wa idara.

Serikali ya kitaifa inasimamia shule za msingi na za sekondari. Lalamiko huanza kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa bodi, kisha mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Jambo linalomhusu mwalimu aliyesajiliwa hupelekwa pia kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti.

Jinai ni kazi ya polisi, na mzazi hahitaji ruhusa ya shule kwenda kituoni. Usalama wa mtoto mwenyewe, shuleni au nyumbani, ni kazi ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Chama cha wazazi (PA) kiko katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama. Bodi ya usimamizi nayo imepewa na sheria hiyo jukumu la kuhakikisha usalama wa wanafunzi. Kwa hiyo mzazi anayesimama kwenye mkutano mkuu kuuliza kuhusu msasa wa makocha hajavuka mpaka wala hajaleta fitina. Yuko ndani ya sheria.

Jinsi ya kudai majibu kwa maandishi

Maneno ya mkutanoni husahaulika gari likiondoka. Barua hubaki. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48.

Barua nzuri ni fupi na ina maswali yanayojibika. Huu ni mfano:

"Kwa Katibu, Bodi ya Usimamizi. Sisi wazazi wa wanafunzi wa shule hii, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba kufahamishwa: (1) Je, shule ina utaratibu ulioandikwa wa kuwakagua makocha na wanaojitolea? Tunaomba nakala. (2) Ni afisa gani, kwa cheo, aliyepewa jukumu hilo katika mwaka huu na mwaka uliopita? (3) Ni watu wangapi wasio walimu waliohudumia wanafunzi katika kipindi hicho, na wangapi kati yao walikaguliwa kabla ya kuanza? (4) Ni lini bodi ilijadili jambo hili mara ya mwisho? (5) Ni malalamiko mangapi yamepokelewa kuhusu watu hao, na kila moja lilipelekwa wapi?"

Barua hiyo haiombi faili la mtu wala jina la mtoto. Inauliza kuhusu mfumo, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuikataa kwa kisingizio cha siri. Wazazi wabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na waandike tarehe.

Siku 21 zikipita bila jibu, au jibu likiwa la kukwepa, wazazi wanaweza kuomba Tume ya Utekelezaji wa Haki, inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman, ichunguze uamuzi huo. Ombi hilo lisicheleweshwe zaidi ya siku 30. Tume hiyo hupokea pia malalamiko kuhusu maafisa wa umma wanaozembea kazini. Njia ya mwisho ni mahakama, ambako Ibara ya 53 ya Katiba, inayomlinda mtoto dhidi ya dhuluma na kutanguliza maslahi yake katika kila jambo linalomhusu, ndiyo nguzo ya kwanza.

Mtoto akiwa tayari ameumizwa

Uwajibikaji wa shule unaweza kusubiri wiki moja. Mtoto hawezi. Apelekwe hospitali ya umma mara moja, kabla ya kuoga na kubadilisha nguo ikiwezekana, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianza ndani ya saa 72. Nguo alizovaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kisha taarifa iandikwe katika kitabu cha matukio (OB) kituoni, mzazi apewe nambari yake, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Mtoto asihojiwe tena na tena na majirani, walimu na jamaa. Asikilizwe, aaminiwe kiasi cha kuchunguzwa, na aachiwe wataalamu.

Simu ya watoto 116 haitozwi na hupokelewa mchana na usiku.

Na mtu akija na pendekezo la kumaliza mambo nyumbani, familia ijue kwamba kesi ya jinai haiko mikononi mwa wazee, chifu wala mwenye shule. Uamuzi wa kusimamisha mashtaka ya kosa la kingono ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Pesa za "kusaidia matibabu" zinazokuja na karatasi ya kutia sahihi zisipokelewe kabla ya kupata ushauri wa wakili au afisa wa watoto.

Haki ya anayetuhumiwa

Kocha anayetajwa ana haki ya kusikilizwa, na Katiba inamchukulia kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa mahakamani. Hilo halimaanishi aendelee kukaa na watoto wakati uchunguzi unaendelea. Kumweka kando kwa muda ni hatua ya tahadhari, haijawa hukumu. Kinachokatazwa ni kumpiga, kuchoma nyumba yake, au kusambaza picha yake kwenye makundi ya WhatsApp. Mambo hayo huharibu ushahidi, huweza kumgeuza mzazi kuwa mshtakiwa, na mara nyingi hufichua mtoto aliyedhulumiwa ni nani. Jina na picha ya mtoto visitajwe popote hadharani.

Wengi wanaojitolea hawatakasirika wakiulizwa maswali. Kocha mwaminifu anajua kwamba msasa humlinda hata yeye, kwa kuwa siku jina lake litakapotajwa bure, faili lake litakuwa shahidi wake. Waswahili walisema mapema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Shule inayoogopa aibu ya kuuliza leo hujenga ukuta huo kwa fedha za mahakamani, na mtoto hulipa zaidi ya hapo.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa wazazi au baraza

1. Ni watu gani wasio walimu wanaokaa na watoto wa shule yetu baada ya masomo? Orodha yao iko wapi?
2. Nani, kwa cheo, ndiye mwenye jukumu la kuwapiga msasa? Akihama, jukumu humwendea nani?
3. Safari ya mwisho ya michezo, watu wazima walikuwa wangapi? Watoto walilala wapi?
4. Mtoto akitaka kulalamika kuhusu kocha, atamwambia nani, na mtu huyo atafanya nini ndani ya saa 24?
5. Je, shule yetu imewahi kumwambia mtu aondoke kimya kimya? Shule ya jirani ilijulishwa?

Wazazi watakaopata majibu ya maswali haya matano kabla ya msimu wa michezo kufunguliwa watakuwa wamefanya sehemu kubwa ya kazi. Watakaokosa wana barua ya mfano hapo juu, na siku 21 za kuhesabu.